Mikono ya Koleo

Mume wangu anaweza kukutajia babu wa babu wa kila mbwa aliye bandani kwake, upande wa baba na upande wa mama, bila kuvuta pumzi. Jina la shangazi yangu aliyetusimamia harusi, hilo lilimshinda mpaka yule bibi akatangulia mbele ya haki. Ndiyo maana mtaani wanamwita Profesa. Yeye anadhani wanamsifu, na mimi sijamwambia vinginevyo, maana kumvua joho hilo ni ugomvi wa wiki nzima.

Anafuga mbwa warefu wenye miguu mifupi, wale ambao watoto wa mtaani wanawaita treni. Wanaozaliwa kwetu hununuliwa na watu wa mbali, na baadhi yao hupelekwa kwenye maonyesho wakarudi na utepe shingoni. Banda lao liko nyuma ya jikoni, na ni safi kuliko chumba changu cha kulala. Sakafu ya saruji huoshwa asubuhi na jioni, kila jike ana godoro lake, kuna taa ya kuwapa joto wadogo, na juu ya meza ya mbao kuna mizani ya jikoni. Mizani hiyo ni yangu. Niliporwa mchana kweupe, nikaambiwa unga unaweza kupimwa hata kwa kikombe.

Kila jioni, tangu siku ya kuzaliwa mpaka siku ya kuuzwa, kila mtoto wa mbwa hupandishwa kwenye ile mizani. Asiyeongezeka uzito hutafutiwa sababu kabla watu hawajala. Kwa muda mrefu kazi hiyo ilikuwa ya shemeji yangu Koleo.

Koleo ni mdogo wake Profesa, wametoka tumbo moja. Jina hilo alipachikwa utotoni kwa sababu ya mikono yake, mikubwa isiyolingana na mwili, na kwa sababu alichokishika hakikumponyoka. Alikuja kwetu baada ya ghala alimokuwa akipakua magunia kufungwa. Alikuja kwa siku chache, kama wasemavyo wageni wote wanaokuja kukaa. Sitajifanya malaika: nilinung'unika. Sufuria iliyokuwa ikitutosha mchana na jioni ikawa ya mlo mmoja, na bafuni aliimba kwa sauti ambayo hata mbwa waliisusia. Lakini bandani alikuwa mtu mwingine kabisa. Mtoto wa mbwa alilala kwenye kiganja chake kimoja, akapelekwa mizanini, akapimwa, akarudishwa kwa mama yake, yote hayo bila kufumbua macho.

Sasa nieleze njia ya Profesa ya kuzalisha, kwa sababu humo ndimo balaa lilimokuwa limelala. Alifundishwa na mzee aliyemuuzia mbwa wake wa kwanza, na mwenyewe aliiita kurudisha damu nyumbani. Akipata dume zuri hakutosheka na kumpa majike ya watu. Alingoja mpaka apatikane mjukuu wa dume lile lile, mwenye mgongo ule ule na kichwa kile kile, kisha akawakutanisha, ili uzuri wa babu uje mara mbili. Nilimwambia siku moja kwamba binadamu akifanya hivyo hufukuzwa ukoo. Akanijibu kwamba mbwa hawana ukoo, wana umbo. Nikaona nirudi kwenye mboga zangu.

Dume lake la wakati huo liliitwa Bawabu, kwa sababu lilipenda kulala kizingitini na kuwakagua wanaoingia. Mjukuu wake alikuwa Shaba, jike wa rangi ya kahawia inayong'aa, mpole, mwenye macho ya kusamehe. Profesa aliwakutanisha, Shaba akashika mimba, na mimba ile ilisubiriwa pale nyumbani kuliko hata zangu zilivyosubiriwa. Wakazaliwa watano, wote wazima kwa kuwatazama. Koleo aliwapima kila jioni na kutangaza uzito wao kwa sauti ya mtu wa redio.

Walipoanza kusimama ndipo mmoja akagoma kuukanyaga mguu wa nyuma. Tukadhani amelaliwa na mama yake. Baada ya siku chache wa pili akawa analia kila akiguswa kifuani. Alipoanza wa tatu kuburuta mguu, Profesa aliwaweka wote kwenye sanduku la katoni, nikalipakata mimi, tukaenda kwa daktari wa mifugo. Daktari wa wakati huo alikuwa mtu wa kuaminiwa sana, mwenye mvi na sauti nzito. Akawapiga picha za mifupa, akazining'iniza mbele ya taa, akatuonyesha kwa ncha ya kalamu yake. Hapa pamevunjika juzi. Hapa palivunjika zamani kidogo, pakaunga penyewe. Hapa tena, na hapa. Akavua miwani. Akasema mifupa iliyovunjika kwa nyakati mbalimbali namna ile haivunjwi na ajali, kwamba yeye ameyaona hayo kwenye nyumba zenye mtu mwenye hasira au mwenye mkono mzito. Kisha akauliza nani huwashika.

Tukaanza safari ya kurudi. Mimi nilikuwa na sanduku mapajani, nikasikia vile viumbe vikitetemeka, na nikajua nyumbani kunakwenda kuwaka moto.

Koleo alikuwa jikoni akisuuza ndoo za banda. Alipotuona aliziweka chini, akaja kulipokea sanduku, na Profesa akasimama kati yake na mimi.

"Umewafanya nini?"

"Kina nani, kaka?"

"Daktari ameona kila kitu. Mifupa imevunjwa, siyo mara moja. Na anayewashika kila siku ni wewe."

Nilitegemea Koleo apayuke, maana si mtu wa kumezea. Hakupayuka. Alisema tu kwamba hajawahi kuwapiga, kisha akaitazama mikono yake, na hakusema tena. Ule ukimya ndio uliommaliza. Profesa aliuona kuwa ni kukiri, na hapo akalitoa lile neno ambalo hata leo likinijia nikiwa napika huwa naacha mwiko.

"Hiyo mikono yako haifai kushika chochote chenye uhai."

Nilisema la kwangu. Nilisema daktari ameona mifupa, hakuona mikono, na kwamba huyu ni ndugu yake, siyo kibarua. Nikaambiwa nisiingilie mambo ya ndugu wawili. Nikakitupa kifuniko cha sufuria kwenye sinki mpaka jirani akachungulia dirishani. Haikusaidia kitu. Asubuhi Koleo alikuwa ameondoka na begi lake, blanketi amelikunja vizuri, na hakuna aliyemwona akitoka isipokuwa Bawabu pale kizingitini.

Wale watoto watatu hawakupona. Wawili waliobaki walikua vizuri, wakauzwa. Profesa akasema Shaba apumzike, na Bawabu akapewa majike ya watu wengine, majike ya mbali yasiyo na uhusiano naye hata kidogo. Hapo ndipo lilipomkuta lile kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Kila uzao uliofuata ulikuwa mzima. Watoto wanene, wenye miguu ya kupiga teke, hakuna aliyechechemea. Profesa aliwapima mwenyewe, akawa anakuja jikoni na sura ya mtu aliyeshinda kesi.

"Unaona?" aliniuliza. "Tangu aondoke, umesikia mfupa umevunjika humu ndani?"

Nilibaki nashikilia kwamba Koleo hawezi, naye akabaki na ushahidi wake uliokuwa ukikimbia uani kwa miguu minne. Ndivyo tulivyoishi karibu miaka mitano. Jina la Koleo halikutajwa mezani. Tulisikia kwa wifi yangu kwamba ameoa, tena baada ya harusi kwisha. Tukasikia kwamba amepata mtoto wa kike. Nilituma nguo na blanketi kwa jina langu, na nilipomwambia Profesa alijifanya hakusikia, akainama kumtazama mbwa kwato, kana kwamba mbwa ana kwato. Niliona ilimuuma. Lakini mtu aliyekwisha kujipa haki ni vigumu kuiachia, na mume wangu ana shingo ngumu kama mpini wa jembe.

Kisha Bawabu akaanza kuota mvi puani. Profesa akataka uzao wa mwisho, ule wa kukumbukwa, na akasema damu irudi nyumbani mara moja tu tena. Shaba alikuwa bado ana nguvu. Akawakutanisha wale wale wawili.

Safari hiyo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuwagusa watoto. Mimi nikiingia bandani nilitakiwa kunawa mpaka kwenye viwiko na kufunga mdomo, na la pili lilinitesa kuliko la kwanza. Aliwapima mwenyewe, akawabadilishia matandiko mwenyewe, akawa anatembea kwa soksi asije akawashtua. Wanne walikuwa, na tayari wateja walikuwa wameanza kubisha hodi.

Jioni moja nilikuwa namenya viazi. Mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia Profesa na mtoto mmoja wa mbwa juu ya viganja vyote viwili, kama mtu aliyebeba maji. Uso ulikuwa umemshuka. Nilimuuliza kuna nini. Akasema, "Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Mfupa. Nilikuwa namtoa kwenye mizani namweka kwenye godoro. Sikumwangusha, mke wangu. Nilimweka tu."

Nilikiweka kisu chini. Sikusema lolote, na wanaonijua watashangaa. Tulikuwa wawili tu mle jikoni, lakini nilihisi kama kuna mtu wa tatu amesimama karibu na sinki akisuuza ndoo.

Yule daktari wa zamani alikuwa amestaafu na kuhamia kwa wanawe. Nafasi yake ilishikwa na mwanamke kijana, mwenye maneno machache, ambaye Profesa alimdharau mpaka siku hiyo kwa sababu alivaa raba. Hakuanza na miguu. Alimfungua mtoto yule mdomo, akammulika kwa tochi ndogo, akatuita tuangalie. Meno yalikuwa membamba, ya rangi ya chai hafifu, na mwanga ulipita ndani yake. Akauliza kama baba na mama wa watoto hawa wana undugu. Nimemsikia mume wangu akiutaja ukoo wa mbwa wake kwa wageni, kwa wauza mkaa, hata msibani. Ile ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiutaja kwa kunong'ona.

Daktari akaagiza watoto watengwe kwanza na mama yao, wasinyonye, ili mate yao yasichanganyike na maziwa ya Shaba. Kisha akapitisha kijiti chenye pamba ndani ya shavu la kila mmoja, halafu Shaba, halafu Bawabu, ambaye alikitafuna kijiti cha kwanza ikabidi kiletwe kingine. Vyote vikapelekwa maabara. Tukaambiwa tusubiri simu.

Ilipopigwa, Profesa aliiweka kwenye spika katikati ya meza. Daktari alieleza taratibu, na nitaeleza nilivyoelewa mimi. Kila mtoto huchukua nusu yake kwa baba na nusu kwa mama. Katika maelekezo ya kujenga mfupa, Bawabu alikuwa na nakala mbili, moja nzima na moja mbovu. Shaba vivyo hivyo, maana aliirithi mbovu kutoka kwa huyo huyo babu yake. Nakala moja nzima inatosha, kwa hiyo wao wenyewe walikuwa na mifupa imara na hakuna jicho ambalo lingeweza kuugundua ugonjwa. Lakini mtoto akiangukiwa na mbovu za pande zote mbili, mifupa yake inakuwa kama gamba la yai. Kwa majike ya mbali hilo lisingetokea, kwa sababu wao walileta nakala nzima kila mara. Maradhi yalikuwa yakingoja damu irudishwe nyumbani.

Profesa aliuliza swali moja tu. Aliuliza kuhusu uzao mwingine wa zamani, wa wazazi hao hao, watatu waliovunjikavunjika.

"Kama wazazi ni hao hao, basi ni ugonjwa huu huu," daktari alisema. "Mfupa wa namna hiyo unaweza kuvunjika mama yake akimlamba. Hakuna aliyewapiga."

Hakujua amesema nini. Akaendelea na mambo ya kinga, kwamba siku hizi kila dume na kila jike apimwe kabla ya kukutanishwa, ni jambo dogo, pamba na shavu. Profesa alishukuru, simu ikakatika.

"Nilikuambia," nikasema.

Neno hilo nililifuga muda wote huo. Nililipanga kitandani, nililipanga sokoni, nikijua siku ya kulitoa nitalitoa kwa raha zangu. Lilitoka, na halikuwa na utamu wowote. Mume wangu aliinamisha kichwa mezani akalia kwa sauti, na mimi niliyejiandaa kusema mengi nilisimama nyuma yake nikiwa na huruma na hasira kwa kiasi kile kile.

Siku zilizofuata alifanya yale ambayo mikono yake ilijua kufanya. Wawili waliopatikana na nakala zote mbovu walilazwa usingizi wa mwisho na daktari, na Profesa aliwashika mpaka mwisho. Bawabu na Shaba wakastaafishwa kuzaa. Aliwapigia simu watu wote waliowahi kununua mbwa wa ukoo ule, akawaambia wawapime kabla ya kuzalisha. Wengine walimshukuru, wengine walimtukana, na yote aliyapokea. Simu moja tu hakuipiga. Namba aliyokuwa nayo haikuwa ikipatikana tena, alisema. Nikamwambia mimi ninayo inayopatikana. Akasema jambo lile si la simu. Hapo kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nilikubaliana naye.

Nilimpigia mke wa Koleo. Tulikuwa tumesalimiana kwa simu mara mbili tatu, kwa ajili ya zile nguo. Alisema tuje siku ambayo mumewe hana kazi.

Walikaa vyumba viwili nyuma ya uwanja wa vifaa vya ujenzi, pale pale Koleo alipofanya kazi ya kupakia nondo na mifuko ya saruji. Uani nondo zilipangwa kwa unene, na ukipita karibu unasikia harufu ya kutu. Nilimwona kabla hajatuona. Alikuwa amekonda usoni, mabega ndiyo yale yale. Alipomtambua kaka yake alisimama wima.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," Profesa alijibu. Alikuja akiwa amejiandaa kwa kila kitu, kwa matusi, kwa kufungiwa mlango, lakini si kwa heshima.

Tuliketi. Mke wa Koleo, mwanamke mwembamba mwenye macho makavu, alituletea chai na hakuketi. Mtoto alikuwa nje akicheza na vikopo, tulimsikia akiongea peke yake. Profesa akaanza. Na kwa kuwa ni Profesa, alianzia kwenye nusu ya baba na nusu ya mama, akaingia kwenye nakala, akaanza kuchora mezani kwa kidole kilichochovywa kwenye chai. Nilimkanyaga mguu. Akaacha. Akavuta pumzi.

"Niliyokuambia siku ile hayakuwa kweli," alisema. "Hukuvunja kitu. Walizaliwa hivyo. Ugonjwa ulitoka kwenye mbwa wangu na kwenye ujuaji wangu, na mimi nikautupa kwako. Nimekuja kukuomba radhi, mdogo wangu."

Koleo alikuwa akitazama zile alama za chai zikikauka. Nje mtoto alikuwa akivigombeza vikopo.

"Lakini nilisikia," alisema hatimaye.

"Ulisikia nini?"

"Yule wa mguu. Jioni ile nilikuwa namtoa kwenye mizani. Sikumminya, kaka, lakini nilisikia pakikatika ndani ya mkono wangu. Uliponiuliza, sikuweza kukataa. Nilijua ni mimi."

Sikuwahi kufikiria hilo. Kumbe ndiyo ule ukimya. Nimemtetea mtu kwa miaka yote hiyo, kumbe mwenyewe alikwisha kujihukumu pale pale kwenye ndoo, kabla ya kaka yake.

Profesa alitoka kwenye kiti akapiga magoti sakafuni, mtu mzima mwenye maumivu ya mgongo. Akasema na yeye alisikia. Akasema mkono wake ndio ulikuwa umeshika, mizani ile ile, godoro lile lile, na mlio ule ule. "Hata ingekuwa mikono ya malaika, ungesikia," alisema. "Si wewe. Si wewe, Koleo."

Hapo mke wa Koleo akaliweka birika chini.

"Kwa hiyo ndiyo hiyo," alisema. Hakuwa anamwambia mtu fulani. "Ndiyo maana."

Nikamuuliza ndiyo maana nini. Akasema mumewe hajawahi kumbeba mtoto wao. Hata siku moja, tangu azaliwe. Hata yeye mwenyewe akiwa bado na mshono wa uzazi tumboni, mtoto akilia, Koleo alikuwa akitoka kwenda kumwita jirani aje amnyanyue. Akamuuliza sababu, akaambiwa mgongo. Mtu anayebeba mifuko ya saruji kutwa nzima, mgongo. Alidhani ni kwa sababu mumewe alitaka mtoto wa kiume. Waligombana kwa jambo hilo mpaka akafungasha vitu, akarudi kwa sababu tu hakuwa na pa kwenda. Kumwogesha, kumvisha, kumlaza, kazi hizo zote zilikuwa zake peke yake. Hata wakivuka barabara, Koleo hamshiki mkono. Humpa mtoto pindo la shati lake ashike, kisha wanavuka hivyo, baba mbele, mtoto nyuma.

"Ungeniambia," alimwambia mumewe. Macho yake makavu yalikuwa yamelowa. "Nimekuchukia bure."

"Ningekuambia nini? Kwamba mikono yangu inaua?"

Mume wangu bado alikuwa kwenye magoti. Aliinuka kwa kujishika kwenye meza, akarudi nyuma mpaka mlangoni, akaegemea mwimo.

Mke wa Koleo ndiye aliyemwita mtoto. Akaja mbio, msichana wa miaka mitatu hivi, mikono imejaa vumbi, akatuamkia mmoja mmoja kama alivyofundishwa. Mama yake akamwambia baba anamtaka. Akashangaa kidogo.

Koleo alichuchumaa. Akaifuta ile mikono kwenye suruali, mara moja, mara mbili, akainyoosha mbele. Niliomba kimoyomoyo, mimi nisiyejua kuomba, mtoto yule akimbie aingie mikononi mle.

Alikuja taratibu. Alipita katikati ya mikono ile bila kuigusa, akazunguka nyuma ya baba yake, akalishika pindo la shati lake na kulikaza vidoleni.

"Tunavuka?" aliuliza.

"Hatuvuki, mama," Koleo alisema. "Leo baba anataka kukubeba tu."

Mtoto alimtazama mama yake, kisha akanitazama mimi mgeni, akaona labda sote hatujui.

"Baba habebi," alitueleza, bila uchungu wowote, na hakuliachia shati. Koleo alibaki amechuchumaa, mikono mbele. Profesa alikuwa pale mlangoni, na alisikia kila neno.